Uwele Mpitimbi: sifa nyingi, wanunuzi wachache

Mpitimbi, huku Songea, ni nchi ya mahindi. Ulezi unajulikana kwa uji na pombe, lakini uwele ni zao la nchi kavu, Dodoma na Singida. Ukifika huku Songea umeshakula nauli ya mamia ya kilomita.

Mama mmoja anayeuza unga wa lishe, aliyeomba asitajwe jina, ana lalamiko ambalo mabango ya lishe hayaligusi: unga wa uwele haukai. Punje ina mafuta takribani asilimia 5, na ikishasagwa mafuta hayo huanza kuharibika. Wiki moja au mbili zikipita, unga unanuka na kuwa mchungu. Akisaga debe zima, anaanza kuhesabu siku. Mteja akionja uchungu harudi, na hasara ni ya muuzaji peke yake. Sasa anatunza punje na kusaga kidogo kidogo, ila mwenye mashine hafurahii kuiwasha kwa kilo mbili. Tena wapo wanaoomba uwele wakimaanisha ulezi. Hilo si kosa dogo: ulezi una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, uwele una kama 40 tu.

Afisa mmoja anayehamasisha lishe anasema uwele una madini ya chuma mara mbili hadi tatu ya yale ya mahindi. Kwenye punje, sawa. Lakini uwele una fitati pia, inayoshika chuma na zinki hata sehemu kubwa ipite mwilini bila faida. Kulowesha, kuotesha kimea na kuchachusha uji hupunguza tatizo hilo, na bibi zetu walifanya hivyo bila semina. Kwa nini tunahubiriwa tarakimu, tusifundishwe namna ya kupika?

Kwa wafugaji wa kuku hesabu inavutia: protini ni asilimia 11 hivi, mahindi 9, na uwele hauna tanini inayosumbua kwenye mtama mwekundu. Hata hivyo, mahindi yakiwa rahisi huku, mchanganyaji wa chakula cha kuku hana sababu ya kuyaacha. Bei ya mahindi ikipanda sana, huenda akabadili mawazo.

Kwa sasa, msomaji unayeutaka uwele, nunua punje, zichambue mchanga, na usage unaotosha siku chache tu.