Vifaa vya kisasa vyuoni: Namna mkorosho wa Naliendele unavyoweza kuingia darasani

MWEZI Juni unapoingia, upepo wa kusi huvuma katika pwani ya Mtwara, na mikorosho ya Naliendele huanza kutoa machipukizi mapya na kisha maua.

Ni katika kipindi hicho, hadi kufikia Septemba, ambapo ubwiriunga, ugonjwa uliowahi kulitikisa zao la korosho nchini, huonekana waziwazi. Majani machanga na mashada ya maua hufunikwa na ukungu mweupe unaofanana na unga, maua hukauka na mkulima hubaki na mti usiokuwa na korosho.

Tatizo ni kwamba kalenda ya mkorosho na kalenda ya chuo kikuu hazilingani. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu nchini kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba. Ugonjwa unapofikia kilele chake, wanafunzi wengi huwa katika mitihani au wako likizo.

Wapo wanaobahatika kupangiwa mafunzo kwa vitendo katika eneo hilo na kuuona ugonjwa kwa macho yao. Waliobaki husomeshwa ubwiriunga kwa maneno na mchoro wa chaki, wakiwa Morogoro au kwingineko, mbali na shamba.

Hapo ndipo linapokuja suala la projekta, kompyuta, video na kamera za hadubini katika madarasa ya vyuo vikuu. Swali la msingi ni je, vifaa hivyo vinampa mwanafunzi kitu gani ambacho chaki haiwezi kumpa, na kwa gharama ipi?

Naliendele na deni la korosho

Naliendele ipo nje kidogo ya mji wa Mtwara, kando ya barabara iendayo Newala. Kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapo kilianzishwa mwaka 1970 na sasa kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Korosho, karanga na ufuta ni miongoni mwa mazao yanayoshughulikiwa na kituo hicho.

Umuhimu wake unaeleweka kwa kutazama takwimu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takribani tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 20,000.

Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo bei ndogo kwa mkulima na kuhamishwa kwa wananchi kwenda katika vijiji vya ujamaa, hatua iliyowatenga wakulima wengi na mikorosho yao. Lakini ubwiriunga nao ulichangia kwa kiasi kikubwa. Matumizi ya salfa, pamoja na utafiti uliofanyika Naliendele, yalisaidia kulirejesha zao hilo, na msimu wa 2017/18 uzalishaji ulizidi tani 300,000.

Kwa msingi huo, ofisa ugani asiyeweza kutofautisha ubwiriunga na madhara ya mbu wa mikorosho humsababishia mkulima hasara ya moja kwa moja. Mkulima huyo atanunua dawa isiyostahili na kupuliza wakati usiostahili. Makosa hayo yanaweza kuanzia katika chumba cha mhadhara.

Kile ambacho chaki haiwezi

Mtaalamu wa saikolojia ya elimu, Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miongo kadhaa kuchunguza namna watu wanavyojifunza kupitia maneno na picha. Hitimisho lake kuu ni kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi anapopata maneno pamoja na picha kuliko maneno peke yake, iwapo viwili hivyo vimepangwa kusaidiana.

Katika somo la magonjwa ya mimea, jambo hilo lina sura ya wazi. Vimelea vya ubwiriunga havionekani kwa macho. Katika maabara ya kawaida wanafunzi hupanga foleni mbele ya hadubini moja, kila mmoja akitazama kwa zamu. Mhadhiri hana njia ya kujua kama mwanafunzi ameona kimelea au ameona kiputo cha hewa.

Kamera ndogo inapofungwa kwenye hadubini na kuunganishwa na projekta, darasa zima hutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mhadhiri huweza kuonyesha kwa kidole, kuuliza swali na kusahihisha papo hapo.

Aidha, zipo picha za video zilizofupishwa muda. Kamera hupiga picha ya shada moja la maua kila baada ya saa kadhaa kwa wiki mbili, na picha hizo zinapounganishwa mwanafunzi huuona ugonjwa ukisambaa ndani ya dakika moja. Hata anayekwenda shambani kwa ziara ya siku moja hawezi kuliona hilo.

Video pia inafaa kuonyesha kazi yenye hatua. Upulizaji wa salfa hufanyika alfajiri, hewa ikiwa imetulia, kwa mashine inayobebwa mgongoni. Namna ya kuishika, kujikinga na kufuata mwelekeo wa upepo ni mambo yanayoeleweka kwa kuonwa.

Hata hivyo, si kila somo linahitaji vifaa hivyo. Mhadhiri anayekokotoa hesabu ya takwimu ubaoni, hatua kwa hatua, huwapa wanafunzi nafasi ya kufikiri pamoja naye. Hesabu hiyohiyo ikiletwa ikiwa imekamilika kwenye slaidi, mwanafunzi huona jibu bila kuiona njia.

Ugonjwa wa kusoma slaidi

Kosa linalolalamikiwa zaidi vyuoni ni la mhadhiri kujaza aya nzima kwenye slaidi na kisha kuisoma neno kwa neno. Utafiti wa Mayer unaonyesha kuwa maneno yaleyale yanapoandikwa na kusomwa kwa wakati mmoja juu ya picha, mzigo wa akili huongezeka na uelewa hupungua.

Lipo pia suala la ukubwa wa maandishi. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba mwanafunzi wa kiti cha mwisho asiwe mbali na picha kwa zaidi ya mara 6 ya urefu wa picha hiyo kwenda juu. Picha yenye urefu wa mita moja na nusu, kwa mfano, inafaa kwa ukumbi usiozidi mita 9. Zaidi ya hapo, walioketi nyuma husikiliza tu.

Kwa upande wa wanafunzi, kompyuta mpakato nazo zina pande mbili. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walichapisha utafiti uliobaini kuwa wanafunzi walioandika kwa mkono walijibu vizuri zaidi maswali ya kufikiri kuliko waliochapa, kwa kuwa wanaochapa hunakili kila neno. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na matokeo hayo, lakini hoja ya msingi inabaki, kwamba kunakili pekee hakutoshi kumfanya mtu aelewe.

Historia fupi

Wahadhiri wa zamani wasilaumiwe kwa kuchelewa kuvizoea vifaa hivi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, na masharti hayo yaliendelea kwa miaka mingi kabla ya kulegezwa. Wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa chuo kikuu kwa njia ya mtandao barani Afrika, uliojulikana kwa kifupi AVU, ambao baadaye uliweka makao yake makuu Nairobi. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo, na wanafunzi wa vyuo kama Kenyatta na Makerere waliitazama kwenye skrini.

Mradi huo ulitoa funzo. Setilaiti ilikuwa ghali, na mhadhara uliotoka mbali haukumfahamu mwanafunzi aliyeketi mbele ya skrini. Mbegu, udongo na magonjwa yaliyotajwa hayakuwa lazima yawe yale ya nyumbani kwake.

Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009, gharama ya intaneti ilianza kushuka. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kutokana na ugonjwa wa corona, vingi vililazimika kutafakari upya namna ya kufundisha bila ukumbi.

Hata hivyo, Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za EASSy na SEACOM iliathiri intaneti nchini na katika nchi jirani. Mhadhiri aliyekuwa ametegemea kufungua video yake mtandaoni siku hiyo alikwama. Aliyekuwa ameihifadhi ndani ya kompyuta yake aliendelea na kazi.

Umeme, chumvi na vumbi

Kwa mikoa ya kusini, tatizo la kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo inayoendeshwa kwa gesi asilia ya Mnazi Bay. Mtambo ulipopata hitilafu, hapakuwa na mahali pengine pa kukimbilia.

Kukatika kwa umeme hakusimamishi mhadhara tu. Projekta ya taa hupata joto kali, na feni yake hutakiwa kuendelea kuzunguka kwa dakika chache baada ya kuzimwa ili taa ipoe. Umeme unapokatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado ya moto, na taa inayotarajiwa kudumu kwa saa elfu kadhaa huweza kuungua mapema.

Dawa yake inafahamika. Betri ya akiba, hata ikiwa ndogo ya kuhimili dakika 10, huipa projekta muda wa kupoa. Projekta za leza, ambazo hazina taa ya aina hiyo, huvumilia zaidi na hudumu kwa takribani saa 20,000, ingawa bei yake ya kununulia ni kubwa.

Vumbi la barabara huziba vichujio vya hewa, na hewa ya chumvi ya pwani hula viungio vya nyaya. Kichujio husafishwa kwa dakika chache na mtu yeyote aliyeelekezwa. Kisiposafishwa, projekta hujizima yenyewe kwa joto, na wengi hudhani imekufa.

Bajeti isiyoishia kwenye kununua

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 425 za Marekani kwa mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, maarufu kama HEET, unaohusisha majengo, maabara na vifaa vya Tehama katika vyuo vikuu vya umma. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Lindi, inayolenga masomo ya kilimo, ni miongoni mwa matunda yake.

Mtwara nayo imekuwa na Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris tangu mwaka 2009, pamoja na kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Elimu ya juu imesogea karibu na mkorosho kuliko wakati wowote uliopita.

Ni rahisi kwa mradi kununua projekta 50 na kuzipiga picha siku ya makabidhiano. Kazi ngumu huanza mwaka wa tatu, pale taa ya kwanza inapoungua na fungu la kununulia nyingine halimo katika bajeti ya idara. Fundi, vipuri, betri na mafunzo ya wahadhiri vinapaswa kuhesabiwa siku ileile ya kununua.

Jambo la mwisho ni maudhui. Picha za mikorosho yenye ubwiriunga, zilizopigwa Naliendele kati ya Juni na Septemba, zinaweza kuwafaa wanafunzi wa nchi nzima kwa miaka mingi bila kuhitaji intaneti. Zikiwa na maelezo ya Kiswahili, mhitimu ataweza kuzitumia tena kijijini, mbele ya wakulima, katika lugha wanayoielewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kichujio cha projekta ni ufa mdogo. Lakini gharama ya ukuta huo, mhitimu atakapofika shambani bila kuutambua ugonjwa alioushindwa kuuona darasani, italipwa na mkulima wa korosho.