"Sisi" ikivunjika, "mimi" inabaki wapi?

Hebu jiweke hapa. Mmeachana miezi 3 iliyopita. Asubuhi unapita sokoni Mbinga mjini, mtoto wa jirani anakusalimia: "Shikamoo Mama Neema. Baba Neema hajambo?" Unaitikia marahaba, halafu unakwama. Sio kwamba unammisi sana huyo baba. Hujui tu ujibu kama nani.

Saikolojia imekuchunguza kukwama huko. Watafiti wanapima uwazi wa nafsi, yaani unajijua kwa kiasi gani, na kama picha hiyo imetulia au inayumba kila siku. Mwaka 2010 Erica Slotter, Wendi Gardner na Eli Finkel walionyesha kwamba uhusiano ukivunjika uwazi huo hupungua, na unapopungua maumivu huzidi. Sababu wala si ngumu: mkikaa pamoja mnaazimana vitu. Ndugu zake wanakuwa wako, ratiba yake yako. Akiondoka, anaondoka na vipande ulivyokwisha zoea kuviita "mimi".

Sasa, hao walichunguza zaidi vijana wa Marekani. Lipeleke wazo hilo kwenye milima ya Umatengo uone linavyoongezeka uzito. Shamba la ngoro kwa desturi linataka mikono ya aina mbili: mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, mwanamke anachimba udongo wa katikati, anazifukia na kupanda maharage. Mtu aliyefanya nusu moja ya kazi hiyo kwa miaka 20 hapotezi mwenza tu, anapoteza nusu ya ukulima wake. Tena mibuni mara nyingi iko kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Kule chini ziwani, Mbamba Bay au Liuli, mwanamke anayeanika dagaa na kuuza ana wateja wanaomjua yeye mwenyewe. Nahisi (hili ni langu, sio la utafiti) hicho ni kipande kisichoondoka na mume.

Uwazi unarudije? Mwaka 2015 Grace Larson na David Sbarra waliwafuatilia vijana 210 walioachana karibuni. Waliohojiwa mara kwa mara kwa wiki 9 walijielewa zaidi kuliko waliohojiwa mwanzo na mwisho tu, na neno "sisi" likapungua midomoni mwao. Kusimulia kulisaidia.

Na mpenzi mpya? Mtaani utaambiwa subiri kwanza upone. Mwaka huohuo Claudia Brumbaugh na Chris Fraley walikuta kwamba waliokwisha pata mwingine walikuwa na afadhali: walijiamini zaidi na hawakuning'inia sana kwa wa zamani. Ila usikimbilie kutongoza! Huenda wanaopata haraka ni wale waliokuwa na nafuu tangu mwanzo.

Kuna jambo moja ambalo moyo hauliamui. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kuishi mbalimbali hakuvunji ndoa. Kwa kawaida unaanzia baraza la usuluhishi, ndipo mahakamani, ambako kifungu cha 114 kinahusu mgawanyo wa mali. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe rufaa yake ilikataliwa. Kwa hiyo yule mama wa ngoro akifika mbele ya hakimu, miaka yake 20 ya kuchimba, kupika na kulea ana haki ya kuitaja, tena kwa jina lake mwenyewe.