Ukivuka milioni 4 kwa mwaka: hesabu ya kodi kwa tunaouza mtandaoni

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp swali hili haliishi: "Nikirasimisha biashara, si watanimaliza?" Leo tulijibu kwa hesabu.

Tuanzie Desemba 2018. Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Bei ilikuwa elfu 20, kwa mtu ambaye mauzo yake hayakuzidi milioni 4 kwa mwaka. Ukiwa nacho, ulikuwa husumbuliwi tena na vijiushuru vya kila siku. Utaratibu umebadilika tangu hapo, ila somo lake bado lipo.

Wanaotetea soko huria wanasema kazi ya serikali ni kuweka mlango mpana na bei inayojulikana, halafu mteja aamue nani auze. Mimi hapo nakubaliana nao. Mfanyabiashara mdogo hakimbii kulipa tu, anakimbia kutojua atalipa mara ngapi na kwa nani. Gharama ukiijua mapema unaiingiza kwenye bei, kama unavyofanya na nauli ya bodaboda. Ya kushtukiza inakula mtaji.

Lakini mlango ule ulikuwa na kasoro mbili.

Ya kwanza, bei moja kwa wote. Anayeuza laki 8 kwa mwaka, elfu 20 ni asilimia 2.5 ya mauzo yake. Anayeuza milioni 4, ni nusu asilimia tu. Mdogo zaidi ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi.

Ya pili, kikomo chenyewe. Milioni 4 ukiigawa kwa siku 365 ni kama elfu 11 kwa siku. Na hayo ni mauzo, sio faida! Mimi nauza mabegi. Nikiuza begi moja la elfu 15 kila siku, mwaka unaisha na milioni 5 na laki 4 na ushee. Kama faida ni elfu 3 kwa begi, mfukoni imebaki milioni 1 na kidogo. Bado nahesabika nimevuka.

Sasa ukivuka inakuwaje? Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mauzo ya kati ya milioni 4 na 7 yana njia mbili. Huna kumbukumbu za mauzo, unalipa laki 1. Unazo, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa mfano wangu kilichozidi ni 1,475,000, kwa hiyo kodi ni 44,250. Daftari la buku mbili limeokoa zaidi ya elfu 55!

Hapo bado leseni ya biashara, ambayo kwa wengi wetu inatoka halmashauri. Hiki kidato cha ngazi ndicho kinachotisha watu. Wengi wanabaki chini kwa makusudi, hawakui, au wanakua kwa kujificha.

Tusiwe wabinafsi lakini. Mwenye fremu Kariakoo analipa pango, leseni na kodi, halafu sisi tunauza bidhaa ileile kutoka chumbani. Akilalamika ana haki yake. Na ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri hizohizo. Wote tukijificha, mfuko ule unajazwa na nani?

Kwa hiyo maoni yangu: tusidai kufutiwa kila kitu. Tudai vidato vifupi, malipo sehemu moja, na bei zibandikwe wazi ofisini. Mdogo alipe kidogo, akikua aongeze taratibu.

Wakati tunadai hayo, fanya haya matatu:

1. Andika kila mauzo siku hiyohiyo: tarehe, bidhaa, kiasi. Ujumbe wa malipo ya simu usifute.

2. Kila mwisho wa mwezi jumlisha. Ukifika kama laki 3 na elfu 33 kwa mwezi, ujue uko ukingoni mwa milioni 4.

3. Nenda ofisi ya TRA na ya biashara ya halmashauri yako uulize viwango vya sasa kabla hujafuatwa. Kila ukilipa, dai risiti.

Wewe mwezi uliopita uliuza shilingi ngapi? Kama huwezi kujibu bila kubahatisha, anza na daftari leo.