«Mijn» ni yangu, «mijn» ni mugodi

Jamaa nyingi za hapa Bukavu ziko na mutu Ubelgiji, na wengi wanazani Kifaransa chetu kitatosha. Liège kinatosha, Bruxelles pia. Lakini Antwerpen ao Gent, komini inaandika Kiholanzi, ile tunaita flama, na mutu mzima anayefuata bwana ao bibi yake kutoka huku anaombwa, kwa kawaida, kujifunza mpaka kiwango A2. Basi tuanze na mambo ya zamani: ulikaa wapi, ulitumika kazi gani. Ofisi zinapenda kuuliza hayo.

Angalia herufi mbili tu. «Ik woon in Bukavu»: ninakaa Bukavu. «Ik woonde in Bukavu»: nilikuwa nakaa. Mama aliyekwisha kuhamia Antwerpen akisahau ile -de, karani anaweza kuandika kwamba angali huku. Kwetu «li» iko ndani ya neno, kila mutu anaisikia.

Werken, kutumika, inapata -te: werkte. Kwa matendo ya kawaida, toa -en. Sauti inayobaki mwisho ikiwa t, k, f, s, ch ao p, weka -te. Zingine zote, -de. Walimu wanazikumbusha kwa jina la chombo cha zamani cha baharini, 't kofschip.

Sasa mupango wa maneno. Watoto wa wachimbaji watahitaji hii:

Mijn vader heeft in de mijn gewerkt.

Baba yangu alitumika mu mugodi. «Mijn» ya kwanza ni yangu, ya pili ni mugodi! Mu Kifaransa, «a travaillé» inatembea pamoja. Hapa heeft inashika nafasi ya pili, gewerkt inakwenda mwisho kabisa, na mugodi unabaki katikati sawa chuma ndani ya koleo. Wenyewe wanaita hiyo «tang», ndiyo koleo. Ukianza na «jana», heeft haihami. Baba ndiye anarudi nyuma: Gisteren heeft mijn vader in de mijn gewerkt. Sisi tuliosoma Kifaransa tunaanguka hapa kila mara.

Kwenda inatumia zijn, sawa être: Ik ben naar Kamituga gegaan.

Na ile sentensi ya baba haitashangaza mutu wa Limburg. Kule walichimba makaa ya mawe, wao pamoja na Waitalia, Waturuki na Wamoroko, mpaka mugodi wa mwisho, wa Zolder, ulipofungwa. Na hapo pia tendo linangoja mwisho: De mijn is in 1992 gesloten.