Kifurushi kilichoachwa mlangoni bado hakijafika

Katika miji yetu ya mashariki, posta haileti vitu nyumbani. Kifurushi cha kutoka Goma kwenda Bukavu husafiri kwa boti juu ya ziwa Kivu. Kikishushwa bandarini, motari hupewa jina la avenyu na namba ya simu. Akifika na simu haipokelewi, mara nyingine hukiacha kando ya mlango au kwa mtoto anayecheza uani, kisha anaondoka. Wateja wengine wanamngoja, na esansi ni ghali.

Matokeo yake tunayaona makanisani mwetu. Dawa ya mgonjwa inanyeshewa mvua. Diploma ya kijana inapotea. Kisha mtumaji anasema alituma, motari anasema alifikisha, na jirani anatazamwa kama mwizi. Jumapili ndugu wawili hawasalimiani tena.

Biblia inatuonyesha njia. Ezra alipokuwa akitoka Babeli kwenda Yerusalemu, alichagua wakuu 12 wa makuhani, akawapimia fedha, dhahabu na vyombo vya nyumba ya Mungu. Kazi yao haikuisha walipoingia mjini. Siku ya nne vyote vilipimwa tena, kwa hesabu na kwa uzito, na uzito ukaandikwa (Ezra 8:24-34). Ezra hakuwa akiwashuku, kwa maana yeye mwenyewe aliwaita watakatifu. Hesabu ile iliwalinda: hakuna ambaye angeweza kuwashtaki baadaye.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Mtumaji aandike juu ya kifurushi namba mbili za simu: ya mpokeaji, na ya mtu mwingine anayeshinda nyumbani. Ndani aweke orodha ya vitu. Mpokeaji asizime simu siku hiyo. Asipopatikana, asimtupie motari lawama zote. Motari akikosa mtu, apige namba ya pili. Akikosa tena, akirudishe alikokichukua, na safari hiyo ya ziada ilipwe bila ugomvi. Kikifika, vitu vihesabiwe wote wawili wakiwapo, na mpokeaji atie sahihi.

Motari wengi ni watoto wa makanisa yetu. Tunawaomba wachungaji na viongozi wa vijana wazungumze nao kwa upole: mzigo wa mtu ni amana, na amana hukabidhiwa mkononi.