Ufunguo wa simu: tuhakikishe ni wa nani

Tangu kambi nyingi za kandokando ya Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, jamaa nyingi zinatafutana kwa simu. Humo hupita habari za njia ya kurudi na za mahali ambapo wazee wa pande mbili watakutana. Habari hiyo ikimfikia mtu mbaya, au ikitoka kwa mtu anayejifanya ndugu, watu wanaweza kufa.

SMS ya kawaida inaweza kusomwa katika kampuni ya simu. Signal, na WhatsApp tangu 2016, hufunga ujumbe kabla haujatoka. Kila simu hutengeneza funguo mbili. Ufunguo wa wazi ni kama kufuli lililo wazi: unampa yeyote alifunge juu ya barua yako. Ufunguo wa siri hautoki katika simu yako, na ndio pekee unaofungua. Wazo la ufunguo wa wazi lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976.

Lakini kufuli hilo tunaletewa na kompyuta za kampuni. Tutajuaje kwamba ni la ndugu yetu, si la mtu aliyeshika namba yake? Tunashauri hivi:

1. Mkiwa pamoja, gusa jina la mwenzako katika WhatsApp, kisha «Chiffrement». Mtaona tarakimu 60. Mzisome pamoja, zikilingana, ufunguo ni wake.

2. Mkiwa mbali, pigianeni. Kwanza ulizaneni jambo mnalolijua nyinyi wawili tu, halafu msomeane tarakimu. Msizitume katika mazungumzo yaleyale mnayoyapima.

3. Washeni taarifa za usalama katika «Paramètres». Simu ikisema namba ya usalama imebadilika, pengine mwenzako amepata simu mpya. Pengine mwingine ameingia kwa namba yake. Msiandike jambo la siri kabla ya kurudia hatua ya 1 au ya 2.

Kufuli hili halilindi simu iliyonyang'anywa ikiwa wazi. Tuweke namba ya siri ya kuifungua, tufute ujumbe wa hatari.

Viongozi, tunawaomba: kabla familia hazijaachana, zikusanyeni wafanye hatua ya kwanza. Ni dakika chache tu, na ni rahisi zaidi watu wakiwa bado wanaonana uso kwa uso.