Chokaa kwenye nyonga: Usiache maziwa, wahi vipimo

Mama wa Ihanda, wilayani Karagwe, hufanya kazi nyingi zinazoitegemea nyonga: kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani, kupalilia shamba la migomba, kubeba mkungu wa ndizi. Nyonga ikianza kuuma, wengi husema ni uchovu au uzee.

Wakati mwingine chanzo ni chokaa, yaani madini ya kalsiamu yaliyojikusanya kwenye kano zinazoshikiza misuli kwenye mifupa ya nyonga. Tatizo hili hutokea zaidi begani, lakini nyonga nayo haisalimiki. Huwapata hasa watu wa miaka 30 hadi 60, wanawake zaidi kuliko wanaume.

Si kosa la maziwa

Wapo wanaoshauriwa waache maziwa na dagaa kwa kuwa vina kalsiamu. Ushauri huo si sahihi. Chokaa hii hujijenga ndani ya kano yenyewe, haitokani na chakula. Ukiacha vyakula hivyo, chokaa haitapungua, ila mifupa yako itakosa lishe.

Dalili

Maumivu huwa ubavuni mwa nyonga au mbele, karibu na kinena. Huzidi ukilalia upande huo, ukipanda mlima au ukiinuka kutoka kwenye kiti. Yanaweza kuja ghafla na kwa ukali. Mara nyingi ukali huo hutokea wakati mwili umeanza wenyewe kuiyeyusha chokaa.

Vipimo

Anza kituo cha afya. Ukihitaji picha, utapewa rufaa kwenda hospitali, kama ya Nyakahanga au ya mkoa, Bukoba. Kwenye eksirei, chokaa huonekana kama doa jeupe kando ya mfupa. Ultrasaundi husaidia kuonyesha iko kwenye kano ipi.

Hata hivyo, wapo wenye doa hilo wasiosikia maumivu yoyote. Ndiyo maana daktari hulinganisha picha na mahali panapouma, ili asikose ugonjwa mwingine.

Matibabu

Wengi hupona bila upasuaji. Hupunguza kazi nzito kwa muda, hutumia dawa za maumivu na kufanya mazoezi tiba. Mjamzito, au mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, asinunue ibuprofeni wala diklofenaki dukani bila kumuuliza daktari.

Maumivu yasipopungua, daktari anaweza kuchoma sindano ya kutuliza uvimbe. Kwenye hospitali kubwa zenye wataalamu, chokaa huweza kusafishwa kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi. Upasuaji huwa hatua ya mwisho.

Mtoto akichechemea

Mzazi, chokaa hii ni tatizo la watu wazima. Mtoto anayechechemea au kukataa kukanyaga, hasa akiwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ukiingia kwenye nyonga, unaweza kuharibu kiungo ndani ya siku chache. Mtoto mwenye selimundu, yaani sikoseli, naye asicheleweshwe, kwa sababu mfupa wa nyonga unaweza kufa kwa kukosa damu.

Mtu mzima naye asisubiri iwapo ana homa, ameanguka, anakonda bila sababu au hawezi kukanyaga.